Kilemba cha Mashine Namba Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari. Mume wangu anacheka, anasema mtu mwenye mdomo kama wangu anahitaji kufuli, si kalamu, na kufuli yeye anazo dukani. Lakini mwaka huu nimechaguliwa katibu wa tawi la chama chetu kazini, na katibu anayesema kila anachokiona hamalizi mwezi. Basi yale ya kumeza nitayatapika hapa.

Kwa mtu wa kiwanda cha kufulia, mvua si baraka. Jua likiwepo, mashuka ya hospitali na hoteli tunayaanika kwenye kamba za uani. Mvua ikishika, yote yanapita kwenye mashine za kupasi. Watu wawili wanasimama mbele, kila mmoja ameshika pembe yake, wanalilisha shuka kati ya rola mbili za moto, nalo linatokea upande wa pili limekauka na kunyooka. Mbele ya rola kuna chuma chembamba cha kinga. Kidole kikikigusa, mashine inasimama. Tabu ni kwamba hata pindo la shuka likikigusa inasimama, na kuiwasha tena ni mpaka aitwe fundi. Kwa hiyo kila asubuhi tunakifunga kwa kipande cha shuka bovu ili kisicheze. Kina springi kali, ni kazi ya wawili: mmoja anakikandamiza kwa mikono yote miwili, mwenzake anakaza fundo. Kitambaa kile tunakiita kilemba. Wakaguzi wakija, msimamizi anatangulia kupita akisema, "Wageni wanakuja, vueni vilemba." Tunavua, tunakuwa watu wema mpaka wageni waondoke, kisha tunavaa tena.

Msimamizi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Kazini ananiita katibu. Siku akisahau akaniita shemeji mbele ya watu, yule mwanamke wa mashine namba tatu tunayemwita Redio, maana habari haimlali tumboni, anacheka mpaka anakohoa.

Mwenzangu kwenye namba mbili ni Kidege. Anaimba tangu tunaingia mpaka tunatoka, na anaimba vibaya.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashuka. Mgongo.

Ijumaa, 8 Machi

Hoteli nyingine imeleta mzigo wake kwetu. Meneja amepita akisema tujikaze. Redio akamuuliza tujikaze wapi tena, maana pote pameshakazwa. Tulicheka. Shemeji peke yake hakucheka, alikuwa anatazama rundo la mashuka mlangoni.

Jumatatu, 11 Machi

Leo naandika kabla hata sijavua viatu.

Ilikuwa kabla ya mapumziko ya mchana. Shuka lilikuwa kuukuu, pindo limechanika na nyuzi zinaning'inia. Kidege hakuziona kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, ananipa habari za mwanawe, aliyemwambia mwalimu kwamba mama yake kazi yake ni kulisha mashuka, mwalimu akauliza yanakula nini. Nilikuwa nacheka. Uzi ukamzunguka vidole, shuka likavutwa, mkono ukafuata.

Kile chuma kilikuwa pale pale. Mkono wake ulipita juu yake na hakikucheza, tumekifunga wenyewe asubuhi, yeye amekandamiza na mimi nimekaza fundo. Nilimvuta bega, hakutoka. Mlio aliotoa sikujua ni wa mtu. Redio ndiye aliyekimbia ukutani akashusha swichi kubwa, lakini rola zile nzito hazisimami mara moja, zilizunguka kidogo zaidi, na hicho kidogo nitakufa nacho.

Mzee wetu wa boila, mwenyekiti wa tawi, alikuja na spana akazilegeza rola. Huyu tunamwita Ngoja-Ngoja kwa sababu kila jambo jibu lake ni "ngojeni kwanza." Leo hakusema. Tulimwagia Kidege maji ya baridi, ndoo baada ya ndoo, naye alikuwa amekaa sakafuni anauliza nani atamchukua mtoto shuleni. Alirudia swali hilo hilo mpaka gari likaja.

Na sasa lile lililonileta hapa. Shemeji alifika akikimbia. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kumtazama Kidege. Alitoa kisu, akakata kilemba, akakitia mfukoni. Nilimwona. Naye aliona kuwa nimemwona.

Jumanne, 12 Machi

Tumekwenda hospitali. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari anasema utapona, lakini kama vidole vitakunja hawezi kuahidi. Mkono wa kulia, na Kidege analea mwanawe peke yake katika chumba kimoja.

Tumepanga zamu. Katika tawi letu hakuna pole ya mdomo mtupu. Mtu akipatwa, kila siku mmoja wetu anakwenda kwake. Mwenye zamu hasubiri kukaribishwa kiti, anaingia na kushika ufagio, au ndoo, au mtoto. Na sheria ya zamu ni moja: haijali kama mmepatana. Hata kama jana mmetukanana mpaka majirani wakatoka nje, leo zamu ni yako, unakwenda. Ugomvi utaukuta ulipouacha.

Alhamisi, 14 Machi

Kidege ameletewa barua kitandani. Eti alifunga kinga ya mashine "kwa hiari yake na bila idhini," kinyume cha tangazo lililobandikwa ukutani. Ataitwa kwenye kikao cha nidhamu. Akionekana na kosa, anafukuzwa kazi na matibabu yanakuwa juu yake.

Niliisoma tena na tena nikitafuta jina langu. Halimo. Kilemba kinafungwa na watu wawili, barua imemtaja mmoja.

Vilemba vyote vimeondolewa. Mashine zinasimama kila baada ya shuka chache na fundi amekasirika. Shemeji anapita bila kutazama mtu usoni.

Jumapili, 17 Machi

Tumekwenda kwa shemeji kumwona mkewe. Ana mimba changa yenye matatizo, ameambiwa alale chali mpaka ajifungue, asinyanyue hata birika. Mama mkwe amehamia pale kumuuguza. Nyumba inavuja, kuna beseni sebuleni na jingine kwenye korido, na tulikula tukisikiliza matone.

Nilingoja mume wangu atoke kutazama bati, nikamgeukia shemeji.

"Unajua kilemba hakifungwi na mtu mmoja."

"Najua."

"Basi sema hivyo kwenye kikao."

"Nikisema, wataniuliza nani aliruhusu."

"Nani aliruhusu?"

Alitazama mlango wa chumba alicholala mkewe. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Shemeji, usinifanyie hivyo. Nyinyi mna chama. Msimamizi haruhusiwi kuwa mwanachama, wa juu hawamtaki na wa chini hawamtaki. Mimi nikianguka, naanguka peke yangu. Na huyu aliyelala humo ndani?"

"Na Kidege?"

Mama mkwe aliweka kijiko chini. "Mwanangu, chama ndicho kilichokuoza katika ukoo huu?"

"Hapana, mama."

"Basi kula."

Nikala. Njiani mume wangu alisema yeye amekaa katikati, akiegemea huku mmoja anaumia, akiegemea kule mwingine anaumia. Nikamwambia kukaa katikati nako kuna anayeumia.

Jumatano, 20 Machi

Meneja ameniita ofisini. Nimekalishwa kiti chenye mto, nimeletewa chai. Akanisifu: mtu mzima, mwenye busara, watu wananisikiliza.

"Ile barua imemtaja mmoja tu," akasema. "Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Tusingependa kuharibia watu wengi maisha." Akakoroga chai yake. "Halafu kuna nafasi ya msimamizi msaidizi. Nilikuwa nakufikiria."

Nikasema asante, nitafikiri. Nilivishwa kilemba cha ukoka, na aibu yangu ni kwamba nilitembea nacho mpaka kituoni nikikiweka sawa kichwani. Nilijiona nimesimama mbali na rola, nina peni sikioni. Mbona nisifikiri? Nimesimama kwenye sakafu ile ya maji tangu mwanangu wa kwanza ananyonya. Nilipofika nyumbani nikatazama vidole vyangu vinavyokunja vizuri, nikajichukia.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 22 Machi

Mkutano wa tawi, chumba cha boila, wakati wa chakula. Nilitaka tukubaliane pale pale: siku ya kikao twende sote tuseme ukweli. Wengine wakapiga makofi, wengine wakatazama viatu. Ngoja-Ngoja akasema, "Ngojeni kwanza."

Nikalipuka. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwenyekiti! Mwenzetu anaoza mkono, wewe unangoja nini? Mvua iishe?"

Watu walicheka. Yeye alifunga mlango wa boila kwa uangalifu, akatuambia turudi kazini. Huyu mzee ni mwoga na sisi ndio tuliomchagua.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua usiku kucha. Maji yameingia hadi chumba cha kufulia.

Jumanne, 26 Machi

Zamu yangu kwa Kidege. Nilimkuta Redio naye yupo, ingawa siku yake ilikuwa jana. Amemkalisha Kidege chini kati ya magoti yake anamsuka nywele, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kujisuka, na Kidege alikuwa amekaa wiki mbili na kitambaa kichwani hataki kuonekana. Mtoto alishika kitana. Redio alikuwa anasimulia maisha ya kila mtu mtaani bila kumeza mate, na Kidege alicheka mara moja, kicheko kidogo.

Hakuimba. Nilipokuwa nafua nilimwuliza anafikiri nini juu ya kikao.

"Nafikiri wewe utasema," akajibu. "Kisha nafikiri una watoto. Kisha nalala."

Nilikamua nguo mpaka mikono ikauma. Sikumwambia kuhusu chai ya meneja.

Alhamisi, 28 Machi

Vilemba vimerudi. Shemeji alikuja asubuhi akasimama katikati ya chumba, akasema hoteli zinalalamika, mizigo inachelewa, "mnajua cha kufanya." Hata neno lenyewe hakulitamka. Nimepewa msichana mpya mahali pa Kidege, bado yuko kwenye majaribio. Alikandamiza chuma, mimi nikakaza fundo. Akaniuliza, "Dada, si ndiyo hii iliyomuunguza yule?" Nikamwambia ndiyo. Akaangalia mikono yake, kisha akashika pembe ya shuka.

Jumamosi, 30 Machi

Ngoja-Ngoja amekuja nyumbani, amevaa mabuti ya mvua yenye matope hadi juu. Aliyavua mlangoni, akakaa, akamsalimu mume wangu, akasifu kufuli zake. Nilidhani amekuja kunisuta kwa yale maneno ya mkutanoni.

"Nimemaliza kuzunguka," akasema. "Kila nyumba. Umebaki wewe."

Kumbe muda wote huu, akitoka kazini, anakwenda kwa mwanachama mmoja mmoja. Anakaa, anauliza, anaondoka. "Mkutanoni kupiga makofi ni rahisi," akasema. "Nilitaka kujua mtu anasemaje akiwa kwake, sufuria iko jikoni, mume anamtazama, mtoto analia. Anayesema ndiyo hapo, ndiyo yake imekomaa."

"Na wamesema nini?"

"Ngoja. Kwanza nikuulize wewe. Uliitwa ofisini. Uliambiwa nini?"

Mume wangu akageuka. Nilihisi uso unawaka. Nikasema yote, chai, mto, usimamizi msaidizi, na kwamba sikukataa. Ngoja-Ngoja alisikiliza hadi mwisho bila kutikisa kichwa.

"Na sasa?"

"Sasa nakataa."

"Mbele ya shemeji yako? Maana swali likiulizwa, litaishia kwake."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anafungua na kufunga kufuli moja, kla, kla. Mwishowe akasema bila kuinua macho, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mdogo wangu alimwona mwenzake ananyolewa akaficha wembe." Akainuka akaenda nje.

"Ndiyo," nikamwambia mwenyekiti.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikataka kumwomba radhi kwa kumwita mwoga, nikakumbuka nilimwita hivyo humu tu, yeye hajui. Basi namwomba radhi humu humu.

Jumatano, 3 Aprili

Mkaguzi wa kazi kutoka serikalini anakuja Jumatatu, kabla ya kikao, kuona mashine. Meneja anataka akute kinga zote ziko huru, ionekane Kidege alifunga ya kwake peke yake kwa ukaidi.

Tumekubaliana. Hatutagoma, hatutapiga kelele, hatutabeba bango. Shemeji atapita aseme maneno yake, na sisi hatutavua. Hiyo tu. Hatari yake kila mtu anaijua: kilemba kinachoonekana ni kosa la aliye mbele yake, na tangazo liko ukutani. Wanaweza kutufukuza sote, na kwa mvua hii, nje kuna watu wengi wanaotafuta kazi.

Namwogopa Redio. Siri hii kwake ni kaa la moto mdomoni.

Ijumaa, 5 Aprili

Redio hajasema neno siku mbili. Fundi amemwuliza kama anaumwa koo.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikwenda kwa shemeji peke yangu. Niliona si haki aje agongane na ukuta bila kuambiwa ukuta upo. Ningeweza kuharibu kila kitu, najua, na Ngoja-Ngoja angenilaani. Lakini ni shemeji yangu. Alibeba jeneza la baba yangu.

Hakuwepo, alikuwa ametoka kutafuta dawa. Mama mkwe alikuwa anamwosha mke wa shemeji miguu kitandani. Nilimsaidia kugeuza godoro. Alipomaliza alinitazama sana.

"Kesho kuna jambo," akasema.

"Mama, mimi siwezi—"

"Sijakuuliza. Nimeona uso wako." Akaning'iniza taulo. "Yule ni kitinda mimba wangu. Ukimwangusha, usinipikie tena."

Niliondoka kabla shemeji hajarudi. Sikuacha ujumbe.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ilibidi tusemeshane kwa kuinama masikioni. Asubuhi tulifunga vilemba kama kawaida. Msichana mpya aliniuliza kama na yeye lazima. Nikamwambia si lazima, yeye bado ana majaribio, akitaka aombe ruhusa aende chooni wageni wakifika. Hakwenda.

Shemeji akaingia. "Wageni wanakuja. Vueni vilemba."

Hakuna aliyegeuka. Namba moja wakalisha shuka. Namba tatu wakalisha shuka, na Redio alikuwa amebana midomo kama fundi cherehani aliyeshika pini.

"Hamkusikia? Vueni vilemba, wako getini!"

Mashuka yakapita. Nilimwona anaanza kuelewa, uso ukamlegea. Akaja moja kwa moja namba mbili, akashika fundo langu akalivuta, lakini lile halifunguki mpaka mtu akandamize chuma.

"Shika hapa, shemeji."

Alilisema mbele ya kila mtu, na Redio hakucheka.

"Sishiki."

"Nakuomba. Unajua hali ya nyumbani."

"Naijua. Sishiki."

Akamtazama msichana. Msichana akaweka mikono nyuma.

Akatoa kisu. Kile kile. Akakifungua na kuweka makali juu ya kitambaa, na mimi sikumzuia, ningemzuiaje? Kukata ni mara moja. Lakini alisimama hivyo, anatazama kitambaa cheupe, na sijui aliona nini. Mimi nilimwona Kidege amekaa sakafuni anauliza nani atamchukua mtoto. Nadhani na yeye alimwona, maana siku ile hakumtazama, na kitu usichokitazama kinakungoja. Mlango ukafunguliwa. Shemeji akakunja kisu akakirudisha mfukoni, kilemba kizima.

Mkaguzi ni mama mfupi, koti lake linachuruzika maji. Alisimama mbele ya namba mbili.

"Hii ni nini?"

Meneja akawahi, "Huyu msimamizi wetu alikuwa ndiyo kwanza anarekebisha—"

"Nimemuuliza yeye."

"Kilemba," akasema shemeji.

"Cha nini?"

"Mashine isisimame."

"Na yule aliyeungua alikifunga mwenyewe?"

Kisha nikasikia sauti yangu. "Tulifunga wawili. Yeye alikandamiza, mimi nilikaza fundo. Hakifungwi na mtu mmoja, jaribu mwenyewe."

"Changu nimefunga mimi na mwenzangu!" Redio alipasuka kama maji ya bomba lililofunguliwa baada ya siku tano. "Na namba moja wamefunga, na mwaka jana tulifunga, na ulipokuja mara ya mwisho tulivua ulipokuwa unapanda ngazi!" Namba moja wakainua mikono. Msichana wangu naye akainua, polepole, na akaiacha juu hata wenzake waliposhusha.

Mkaguzi alizunguka mashine zote. Aliporudi akauliza swali lile tulilojua litakuja. "Nani aliwaambia mfunge?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Niliahidi kulisema. Ulimi ulikuwa mzito, naapa, nilifungua mdomo na hewa tu ikatoka.

"Mimi," akasema shemeji. "Nawaambia mimi. Na kila asubuhi meneja ananiuliza kama vimefungwa, kabla hajaniuliza nimeamkaje."

Meneja akavua miwani akaifuta kwa tai.

Jumatano, 10 Aprili

Kikao cha Kidege kimefutwa. Matibabu ni juu ya kiwanda, na mkono ukipona kazi yake ipo, chumba cha kushona. Sisi wote tumepewa onyo. Mafundi wamekuja kubadilisha springi za kinga ili pindo la shuka lisizisimamishe. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku.

Meneja amehamishwa tawi jingine la kampuni. Shemeji amefukuzwa. Mdogo ameanguka na mkubwa ameteleza tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mkutano wa tawi. Tulishangilia mpaka boila ikasikia. Kisha mtu mmoja akauliza kuhusu msimamizi: mke kitandani, mama mgongo umekwisha, yeye anashinda akizunguka kutafuta vibarua. Tumpangie zamu?

Redio akasimama. "Yule alikata kilemba kabla hajamtazama mwenzetu. Mnadhani katibu peke yake aliona? Na si mwanachama." Wengi wakaitikia. Wakanitazama mimi. Ningesema nini? Kila neno langu lingekuwa la ukoo. Nikaomba Ngoja-Ngoja aamue.

"Zamu haipigiwi kura," akasema. "Mwenye miguu atakwenda."

Nakwenda mimi, kila nikitoka kazini. Mama mkwe ananifungulia mlango bila kunijibu salamu. Sijaruhusiwa kugusa sufuria.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuna mwingine aliyekuja.

Jumapili, 21 Aprili

Leo jua. Jua kweli, ardhi inafuka. Nilichukua mashuka yote ya kitanda cha mgonjwa nikayafulia uani kwa shemeji. Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, hajanyoa, anatazama mikono yake. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga, akasema peke yake, kwa sauti ya kusikika, "Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe." Sijui alikuwa anamwambia nani. Kisha akanisukumia kisu na nusu ya mboga. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile, na sikutaka lingine.

Geti likalia. Akaingia Kidege. Ameshuka kutoka kule kwake hadi hapa kwa miguu, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nywele zimesukwa vizuri. Hakungoja kukaribishwa. Aliegemeza mwavuli ukutani akatazama uwanja mzima, akaliona beseni la mashuka yaliyosuuzwa.

Shemeji alisimama. "Dada," akasema, "mimi nilitaka kuja kwako, nilitaka kukuambia—"

"Sijakusamehe," Kidege akamkata. "Sitaki unielewe vibaya. Labda mwakani, labda sitaweza. Nimekuja zamu."

Aliinama akashika pembe ya shuka kwa mkono wa kushoto, akalivuta mpaka likatoka kwenye beseni, maji yakamrukia miguuni. Shuka lililolowa halikamuliwi na mtu mmoja, sembuse mkono mmoja. Nikaweka kisu chini niende. Mama mkwe akanishika kiwiko.

"Shika huko," Kidege akamwambia shemeji.

Akashika. Mmoja akasokota huku, mwingine akasokota kule, maji yakamwagika kati yao. Kidege hakuimba. Walipomaliza lile, wakalitundika kambani, na Kidege akachukua jingine.